Biskuti Juu ya Jiwe la Mama

Huyu ni Tunu. Ana miaka sita, na ana pengo mbele.

Huyu ni Baba yake. Baba ni seremala wa Tanga, na siku hizi hasemi.

Si bubu, la. Ukimuuliza chumvi iko wapi, atakwambia, "Ile pale." Lakini maneno mengine yote ameyafungia ndani.

Zamani Baba alikuwa na maneno tele. Kila usiku alikuja kando ya kitanda cha Tunu, akagonga ubao kwa kidole.

Ngo, ngo, ngo!

"Hodi! Hadithi imefika!"

Na Tunu alijibu, "Karibu, hadithi! Keti!"

Baba aliketi, na hadithi ikaanza. Ya kobe mwenye haraka. Ya jini anayeogopa mbu. Mama alisikiliza kutoka mlangoni, akicheka.

Kisha Mama akaugua. Akaugua sana. Mama akafa.

Hilo ndilo jambo baya kuliko yote katika hadithi hii. Nimelisema mapema, ili tusikae tukiliogopa.

Tangu siku ile, nyumba ilikuwa kimya. Hakuna ngo, ngo, ngo. Hakuna hodi.

Sasa sikilizeni. Mama alikuwa muuguzi. Kabla hajaugua, akarudi Tanga, alifanya kazi kwa muda mbali sana, huko Uskoti, katika mji mdogo wa pwani. Mji huo unaitwa Skerrin.

Mama alikuwa akipiga simu kutoka huko, sauti yake inaruka ruka.

"Tunu! Leo nimeoga baharini! Nimetetemeka! Halafu nimetafuna!"

"Umetafuna nini, Mama?"

"Sikwambii! Utakuja kuona mwenyewe. Ukifikisha miaka sita, nitakuleta."

Tunu alifikisha miaka sita. Mama hakuwepo.

Basi Baba alishusha sanduku kutoka juu ya kabati. Akafuta vumbi. Akasema, "Twende Skerrin." Hakuongeza neno.

Ndege iliruka, vuuu! Treni ikakimbia, taka-taka, taka-taka. Basi likapanda kilima, likashuka kilima. Wakafika.

Lo! Skerrin ilikuwa ya kijivu.

Nyumba za mawe, kijivu. Njia ya mawe, kijivu. Bahari, kijivu. Na mbingu ndiyo usiseme.

"Huku sasa hivi ni kiangazi," alisema dereva wa basi. Kiangazi gani hicho, jamani? Watu walivaa makoti, na pua zao zilikuwa nyekundu!

Bandarini kulikuwa na madema, ile mitego ya kukamatia kamba wa baharini, yamepandana mpaka juu. Yalikuwa matupu. Duka la aiskrimu lilikuwa limefungwa. Mvua ilinyesha kiubavu-ubavu, ikisukumwa na upepo.

Bahari ilisema, shaaa. Shaaa.

Baba kimya. Tunu kimya.

Walifikia nyumbani kwa Bi Efi. Bi Efi alikuwa bibi wa Kiskoti, mrefu, mwembamba, nywele nyeupe pepepe. Mama alipanga chumba kwake wakati ule wa kazi.

"Shikamoo," alisema Tunu. Ilimtoka tu, kwa mazoea.

"Marahabaaa!" alijibu Bi Efi.

Tunu alishtuka. Alimtazama Baba. "Amefundishwa na nani?"

"Na Mama," alisema Baba. Akabeba sanduku, akapanda ngazi.

Chumba chao kilikuwa juu, chini ya paa. Kulikuwa na kitanda cha mbao. Ni kile kile alicholalia Mama. Tunu alinusa mto. Ulinukia sabuni tu.

Saa tatu usiku, Tunu alijifunika blanketi mpaka kidevuni. Lakini lo! Dirishani kulikuwa na mwanga. Huko Skerrin, wakati wa kiangazi, jua halina haraka ya kulala.

"Baba," alisema Tunu. "Hadithi?"

Baba alitazama dirisha.

"Bado mchana," alisema. "Ukisimulia hadithi mchana, unaota mkia. Tungoje giza."

Ni kweli, Tanga wazee husema hivyo. Basi Tunu alingoja giza. Akangoja. Akangoja. Giza halikuja. Usingizi ukalitangulia.

Hakuna ngo, ngo, ngo. Hakuna hodi.

Kesho yake walitembea ufukweni. Walinunua samaki na chipsi zilizomwagiwa siki, zimefungwa kwenye karatasi, za moto. Wakakaa juu ya ukuta wa bandari.

Mara, fyuuu! Akaja shakwe, yule ndege mweupe wa pwani. Alikuwa mkubwa, macho makavu. Akanyakua chipsi ndefu kabisa mkononi mwa Tunu.

"Kwaa! Kwaa!" alisema shakwe. Wala hakuona haya!

Tunu alicheka. Akamgeukia Baba, ili wacheke wote.

Baba hakucheka. Alikuwa anatazama maji. Kicheko cha Tunu kikaisha chenyewe.

Bahari ilisema, shaaa. Shaaa.

Baba kimya. Tunu kimya.

Jioni ile, Tunu hakuomba hadithi. Alinyoosha mkono, akagonga kitanda mwenyewe.

Ngo, ngo, ngo.

"Hodi," alisema Tunu. "Hadithi imefika."

Hakuna aliyesema karibu. Baba aligeukia ukutani.

Tunu alilala macho wazi. Aliwaza jambo moja. Labda Mama alipozikwa, maneno ya Baba yalizikwa naye. Labda hayatarudi tena.

Mliwahi kuwaza hivyo, ninyi? Natumaini hamjawahi.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Bi Efi alipika uji. Aliutia chumvi! Si sukari, chumvi! Tunu alionja kijiko kimoja, akaaga meza.

Kisha Bi Efi alivaa koti refu, akachukua taulo. Akawapungia mkono, maana yake, njooni.

Walimfuata. Walipita madema. Walipita mashua. Walifika kwenye miamba.

Pale palikuwa na bwawa. Wazee wa zamani walijenga ukuta wa mawe pembeni ya bahari. Maji yakijaa, yanaingia. Maji yakipwa, yanabaki humo, tulivu na meusi.

"Hapa ndipo Mama alipokuwa anaoga," alisema Baba. Alisimama mbali. Hakutaka kusogea.

Bibi wawili walikuwa wanangoja. Mmoja alivaa kofia ya mpira nyekundu, mwingine ya buluu. Bi Efi alivaa yake ya njano.

Wakavua makoti. Wakabaki na nguo za kuogelea tu. Katika baridi ile! Bibi wazima!

"Hii!" alisema kofia nyekundu, akaingia.

"Hoo!" alisema kofia ya buluu, akaingia.

"Haa!" alisema Bi Efi. Chubwi!

Tunu alizunguka zunguka kando ya bwawa. Tumbo lilimnguruma, nguru, nguru. Ule uji, mnaukumbuka.

Karibu na ngazi za kushukia majini palikuwa na jiwe bapa. Juu ya jiwe palikuwa na kitambaa safi. Juu ya kitambaa palikuwa na biskuti.

Ilikuwa biskuti nene, ya siagi, na sukari juu yake. Ilikuwa peke yake.

Tunu alitazama kulia. Alitazama kushoto. Hapakuwa na mwenyewe.

Lakini palikuwa na shakwe. Alikuwa anakuja kwa miguu, pata, pata, pata, shingo imenyooka.

"Heri mimi kuliko wewe," alisema Tunu.

Akaichukua. Akaila. Yote.

"Kwaa! Kwaa! Kwaa!" alipiga kelele shakwe. Mnafiki mkubwa!

Bibi wote watatu waligeuka majini. Walilitazama jiwe. Walimtazama Tunu.

"Tunu!" Baba alikuja mbio. "Umekula chakula cha watu? Nani kakukaribisha?"

Tunu alitamani jiwe lipasuke, aingie ndani. Chembe za biskuti zilikuwa bado kidevuni.

Bi Efi alipanda ngazi, maji yanamchuruzika. Alikuwa anatetemeka. Alisema maneno mengi ya Kiingereza, polepole, mkono kifuani.

Baba alisikiliza. Hakutafsiri.

"Anasemaje, Baba?"

Baba kimya.

Tunu alimvuta shati. "Baba, anasemaje? Mimi ndiye niliyekula. Niambie."

Hapo Baba hakuwa na pa kukimbilia. Pale miambani, yeye peke yake ndiye aliyejua lugha zote mbili. Maneno ilikuwa lazima yapite kinywani mwake.

"Anasema..." Baba alianza polepole. "Anasema, hapa Skerrin, ukitoka kwenye maji ya baridi, unatetemeka. Basi unapewa kitu cha kutafuna, ili meno yatulie. Wanakiita kitafunwa cha kutetemekea."

"Ndicho alichokuwa anatafuna Mama!" alisema Tunu.

"Ndicho." Baba alilitazama lile jiwe. "Anasema, hili ni jiwe la Mama. Akitoka majini, alikaa hapa."

Bahari ilisema, shaaa.

"Anasema, waliposikia Mama amefariki, walianza kumwekea biskuti yake. Kila asubuhi. Na kila asubuhi inaliwa na shakwe."

Baba alimgeukia Tunu.

"Anasema, leo imeliwa na mwenyewe."

Tunu alijifuta kidevu. Alitaka kulia, na alitaka kucheka, na hakujua aanze na kipi.

Lakini subirini. Bibi wa kofia nyekundu alikuwa na lake. Alinyoosha kidole kwa Tunu. Alinyoosha kidole kwenye maji. Akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu.

"Hapana!" alisema Baba. "Hapana, hapana!"

"Anasemaje?"

"Anasema kitafunwa ni cha aliyetetemeka. Ukila kabla hujaingia majini, lazima uingie. Ndiyo desturi yao. Lakini wewe huingii."

"Mama aliingia?"

"Mama aliingia."

"Basi na mimi naingia," alisema Tunu. Maji yale yalikuwa meusi, na yeye alikuwa mdogo.

"Hapana, Tunu!" Sauti ya Baba ilitetemeka, na hata majini alikuwa hajaingia. "Mama amekwenda. Nimebaki na wewe. Wewe tu."

Bi Efi hakujua Kiswahili hicho. Lakini aliinamisha kichwa.

Tunu alifikiri. Alimtazama Baba. Kumbe Baba hakuwa na hasira siku zote hizi. Baba alikuwa anaogopa.

"Basi nishike mkono," alisema Tunu. "Twende wote."

Baba aliutazama ule mkono.

Akavua viatu. Akavua soksi. Akakunja suruali. Akaushika mkono wa Tunu, akaubana.

Wakashuka ngazi, Bi Efi nyuma yao.

Vidole vya miguu. "Baridi!" alisema Tunu.

Magoti. "Baridi!" alisema Tunu.

Tumbo. "Yiiii! Baridi!" alisema Tunu.

Baba hakusema kitu. Alishuka ngazi moja zaidi. Ngazi ile ilikuwa na mwani, na mwani unateleza.

Chubwi!

Baba mzima mzima! Na shati lake, na suruali yake, na kichwa chake!

Bi Efi alimdaka Tunu asizame. Maji yalichemka mapovu. Kisha kichwa kikatokea, kimevaa mwani.

"MAMAAA WEEE!" alipiga kelele Baba.

Mashakwe wote waliruka. Sauti iligonga miamba, ikarudi. Mamaaa weee!

Tunu alicheka. Alicheka mpaka pengo lote likaonekana. Na Baba, mwani kichwani, akacheka.

Alicheka, akacheka. Halafu kicheko kikabadilika. Baba akalia.

Alilia kwa sauti. Alilia kama mtoto. Tangu Mama azikwe, Baba alikuwa hajalia.

Tunu alimwendea, akamkumbatia shingoni. Naye pia alilia. Walilia humo humo majini, machozi ya chumvi katika maji ya chumvi.

Tanga, mtu akifiwa, watu wanakuja kukaa naye. Wanakaa mkekani, hata kama hawana la kusema. Skerrin hapakuwa na mkeka. Bibi wale walisogea, wakasimama na Baba majini, kumzunguka, mpaka alipomaliza. Hawakumwambia anyamaze. Midomo yao ilikuwa imegeuka buluu.

Kisha, juu! Taulo! Haraka!

Meno yaligonga. Ka-ka-ka-ka, ya Tunu. Ka-ka-ka-ka, ya Bi Efi. KA-KA-KA-KA, ya Baba.

Kofia nyekundu alitoa biskuti kwenye mfuko wa koti. Kofia ya buluu alitoa yake. Bi Efi alitoa yake. Wakazivunja, ili ziwatoshe wote.

Bibi watatu waliuma. Wakatafuna. Kisha wakasema kwa pamoja, kwa Kiswahili, sauti juu:

"Tamu!"

Tunu alifungua mdomo, biskuti nusura imdondoke. Hakuhitaji kuuliza ni nani aliyewafundisha.

"Tamu!" alisema Tunu.

Wote wakamtazama Baba. Baba alitafuna. Alimeza.

"Ta-ta-ta-tamu," alisema Baba.

Kabla hawajaondoka, Tunu aliweka kipande juu ya jiwe la Mama. Shakwe alikuwa anachungulia.

"Haya, leo kula," alimwambia. "Ila usizoee."

Mchana ule mvua ilinyesha bila kuacha. Mji ulibaki wa kijivu, kila mahali. Nguo za Baba zilining'inia jikoni kwa Bi Efi, to, to, to. Baba alikaa amevaa joho la kulalia la Bi Efi, lenye maua. Usicheke. Haya, cheka.

Saa tatu usiku ikafika. Tunu alijifunika blanketi mpaka kidevuni. Dirishani, mwanga ule ule.

Tunu hakuomba hadithi. Aliogopa kuomba. Akiomba, na Baba akatazama dirisha tena, je?

Akafumba macho.

Bahari ilisema, shaaa. Shaaa.

Kisha, kwenye ubao wa kitanda, polepole sana:

Ngo.

Tunu hakupumua.

Ngo, ngo.

"Hodi," alisema Baba. Sauti ilikuwa imekauka, kwa kukaa bila kazi. "Hadithi imefika."

Tunu alifumbua macho.

"Karibu, hadithi," alisema. "Keti."

Kwiii, kitanda kililia. Baba aliketi.

"Lakini Baba!" Tunu aliinua kichwa. "Bado kuna mwanga! Utaota mkia!"

"Acha niote," alisema Baba.

Akamfunika Tunu vizuri. Akaanza.

"Palikuwa na mwanamke mmoja, jina lake Hidaya. Alikuwa na binti mmoja, na mume mmoja mwoga. Siku moja alisafiri mbali, akafika mji wa kijivu. Akaona maji meusi, ya baridi. Unadhani alifanya nini?"

"Aliingia!" alisema Tunu.

"Aliingia. Chubwi!"

Tunu alipeleka mkono polepole nyuma ya mgongo wa Baba. Akapapasa chini, pale mkia unapoanzia.

Hakuna kitu.

"Endelea, Baba," alisema Tunu.